Lori Likianza Kugonga: Jinsi ya Kujua Kama ni Nozo au ni Metali Kabla Injini Haijanoki

Fuso limepakia magunia ya dagaa Mwaloni, Kirumba, tangu alfajiri. Dereva anakatisha mjini akashike Barabara ya Kenyatta, atokee Buhongwa na Usagara, halafu Shinyanga. Akiwa kwenye foleni maeneo ya Mirongo anasikia kitu chini ya kiti chake: ngo, ngo, ngo. Akikanyaga mafuta, sauti inakaza. Akiachia, inalegea.

"Tapeti hizo kaka, twende tu," utingo anasema.

Tajiri naye kwenye simu hataki maneno mengi. Mzigo unasubiriwa Dodoma.

Uamuzi wa dakika hizo mbili ndio unaoua injini. Mlima Sekenke, kule Singida, ni mahali ambapo maiti inaokotwa tu.

Kugonga si ugonjwa mmoja. Ni sauti inayoweza kutoka kwenye nozo mbovu inayotengenezwa kwa siku moja, au kwenye metali za konrodi zilizokwisha, ambazo zikiachwa zitaondoka na krenki, konrodi na bloku lenyewe. Sauti hizi mbili zinafanana kiasi kwamba hata fundi mzoefu anaweza kukosea akitegemea sikio peke yake. Tofauti ya gharama ndiyo haifanani hata kidogo.

DAKIKA YA KWANZA

Kabla ya kusikiliza chochote, macho yaende kwenye geji ya presha ya oili. Kama mshale umeanguka, au taa nyekundu ya oili imewaka, injini izimwe hapo hapo, hata kama lori liko katikati ya foleni na wa nyuma wanapiga honi. Taa hiyo haiwaki kutoa onyo la mapema. Huwaka presha ikiwa imeshuka sana, na muda uliobaki hapo unahesabika kwa sekunde.

Kama presha iko sawa, lori liegeshwe pembeni na injini iachwe ingurume taratibu bila resi kwa dakika moja hivi ili kupata picha ya sauti. Kisha izimwe. Kuendelea kupiga resi ili watu waliosimama pembeni wote wasikie na kila mmoja atoe hukumu yake ni tabia iliyozoeleka, na ni mbaya. Kama ni metali, kila resi inakula chuma.

Haraka hii ina sababu. Kati ya krenki na metali ya konrodi kuna nafasi ndogo sana, sehemu chache za mia za milimita, karibu unene wa unywele. Nafasi hiyo hujazwa na oili yenye presha, na chuma hakigusi chuma. Ikipanuka kidogo tu, oili inakimbia pembeni, presha inashuka, na konrodi inaanza kupiga krenki kama nyundo. Nyundo hiyo inazidi kupanua nafasi, na nafasi ikipanuka nyundo inapata nguvu zaidi. Ugonjwa huu hauna kupona wenyewe barabarani.

MOTO AU CHUMA?

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka joto lake linapita nyuzi 500, nozo inapuliza mafuta, nayo yanashika moto yenyewe. Kati ya kupulizwa na kushika moto kuna muda mfupi mno. Muda huo ukirefuka, mafuta yanajikusanya kisha yanalipuka kwa mkupuo. Kishindo hicho kinasikika nje kama kugonga, ingawa hakuna chuma kilichopiga kingine.

Ndiyo maana karibu kila lori la dizeli hugonga kidogo asubuhi likiwa la baridi, kisha hutulia. Hiyo ni asili yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi mzuri haliwi "inagonga wapi?" Anauliza "inagonga lini?"

Kelele inayokuwa kubwa injini ikiwa ya baridi na kupungua ikipata joto mara nyingi ni ya moto, au ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda, ambayo ikipata joto hutanuka na kubana. Kelele inayoanza ndogo asubuhi na kukua kadiri injini inavyopata joto ni ya kuogopa. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na palipo na nafasi kubwa kwenye metali hushindwa kuizuia. Dereva anayesema "asubuhi lilikuwa zima kabisa, limeanza baada ya saa moja ya safari" ametoa nusu ya jibu.

Tapeti zina tabia yake. Hutoa mlio mwepesi wa juu, tik tik tik, kutoka usawa wa kifuniko cha valvu, na mdundo wake ni wa polepole kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja wakati krenki imezunguka mara mbili. Mlio huo hauongezeki kwa sababu ya mzigo. Lori likipandisha na mzigo huku sauti inazidi kuwa nzito, jina la tapeti lifutwe kwenye mjadala. Utingo wa lile Fuso la dagaa, kwa namna sauti yake ilivyokaza kila mafuta yalipokanyagwa, alikosea.

Meni beringi, zile zinazobeba krenki kwenye bloku, hugonga kwa sauti nzito zaidi ya zote, kama mtu anapiga ukuta kwa ngumi kutoka chumba cha pili. Dereva mara nyingine huisikia miguuni kabla ya masikioni, hasa lori likianza kuondoka na mzigo.

STIKI YA OILI INASEMA MENGI

Injini ikishazimwa na kukaa dakika kumi hivi, stiki ya oili ichomolewe. Wengi huangalia kimo tu, wakiona kipo wanairudisha. Kimo kilichozidi ni hatari kama kilichopungua. Kama oili imepanda bila mtu kuongeza, kuna dizeli inayoingia, pengine kupitia sili za pampu au nozo inayovuja. Oili ya namna hiyo hunuka dizeli, huteleza kama maji kwenye vidole, na haiwezi kubeba krenki. Hapa nozo mbovu inaweza kuzaa metali mbovu, na lori likawa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja.

Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Injini isiwashwe tena.

Kisha kipimo ambacho hakigharimu kitu: nati ya chini ilegezwe, oili ya kwanza ipokelewe kwenye chombo kisafi cha rangi nyeupe, na ipelekwe juani. Vumbi linalometameta kama dhahabu au shaba ni tabaka la ndani la metali. Hapo mjadala wa nozo unaweza kusubiri. Vipande vya rangi ya fedha visivyoshikwa na sumaku vinaweza kuwa vya pistoni. Vinavyoshikwa na sumaku ni vya chuma: gia, ringi, krenki yenyewe.

Filta nayo ifunguliwe, maana ndiyo inayotunza ushahidi wa safari zote zilizopita. Karatasi yake itolewe, ikunjuliwe, iminywe, iangaliwe mikunjo. Tahadhari moja: filta ya kopo ikikatwa kwa msumeno wa chuma, chenga za msumeno wenyewe zitaingia kwenye karatasi na kumtia fundi hofu ya bure. Afadhali kukata kwa patasi kali taratibu, au kupitisha sumaku kwanza.

Kipimo cha presha kinafuata. Geji ya kwenye dashibodi ya lori la miaka ishirini inaweza kusema lolote. Fundi hufungua swichi ya presha kwenye bloku, anafunga geji ya mkono mahali pake, kisha injini inawashwa kwa muda mfupi. Kila injini ina kiwango chake na kitabu cha injini ndicho cha mwisho, ila kwa malori mengi, injini ya moto inayonguruma bila resi ikiwa chini ya bar 1 inatia shaka, na ikiwa kwenye mzunguko wa kazi inatarajiwa kuwa bar 3 hadi 5. Fundi anayetaka kushusha injini kabla ya kupima presha anafaa kuulizwa sababu, kwa adabu lakini aulizwe.

KUKATA NOZO MOJA MOJA

Kama presha ni nzuri na oili haina vumbi la chuma, sasa kelele inaweza kutafutwa silinda kwa silinda. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, kama nyingi za Fuso na Isuzu zinazobeba mchanga, mawe na pamba Kanda ya Ziwa, fundi hulegeza nati ya bomba la presha kwenye nozo moja, nusu mzunguko tu, injini ikiwa inanguruma. Mafuta yanamwagika nje, silinda hiyo inakosa moto. Anaifunga, anahamia inayofuata.

Kwanza usalama, maana kuna watu waliopoteza vidole kwa jambo hili. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha kubwa hupenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini dizeli imeshaingia ndani ya nyama, na ni suala la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo hata kama hakuna maumivu. Nati ifunikwe kwa kitambaa kinene, mkono usipitishwe mbele ya bomba, miwani ivaliwe, na dizeli isiachwe imwagikie ekzosi ya moto.

Na kwa malori mapya yenye mfumo wa komoni reli, njia hii ni marufuku kabisa. Presha humo hupita bar 1,000. Silinda huzimwa kwa kompyuta ya kupimia, basi.

Sasa matokeo. Ukikata silinda nzima, mzunguko wa injini unashuka na kugonga kunabaki palepale. Ukikata silinda na mzunguko usishuke kabisa, silinda hiyo ilikuwa imekufa tayari, haifanyi kazi. Ukikata silinda na kugonga kukapotea au kukapungua sana, umempata mwenye kelele.

Na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kugonga kukipotea baada ya kukata nozo ya silinda ya nne, wengi hupiga kelele: "Nozo ya nne mbovu!" Inanunuliwa nozo, inafungwa, lori linaondoka, na kabla ya Shinyanga linagonga tena. Kumbe konrodi ya silinda ya nne nayo ikikosa moto hupungua kelele, kwa sababu mlipuko uliokuwa unaisukuma chini haupo tena. Kukata nozo kunataja silinda. Ugonjwa hakuutaji.

HAMISHA NOZO KABLA YA KUNUNUA

Njia ya kutenganisha ni rahisi na haihitaji mashine. Nozo ya silinda ya nne inabadilishana nafasi na ya silinda ya pili. Washa za shaba chini yake ziwe mpya, mabomba yafungwe vizuri, upepo utolewe kwenye mafuta, injini iwashwe, kisha nozo zikatwe tena moja moja.

Kelele ikihamia silinda ya pili, imeifuata nozo. Hiyo nozo ipelekwe kwa fundi pampu apime inafunguka kwa presha gani na inapulizaje: ukungu mwembamba unaokata ghafla, au mkojo unaodondosha matone. Nozo inayodondosha humwaga mafuta wakati usiofaa, na moshi mweusi au mweupe mara nyingi huandamana nayo.

Kelele ikibaki silinda ya nne, nozo haina kosa. Tatizo liko ndani ya silinda hiyo: metali ya konrodi, pini ya pistoni, au pistoni yenyewe. Pini huwa na mlio mkali wa kudunda mara mbili kwa haraka, tak-tak, injini ikiwa haina resi. Metali ya konrodi husikika zaidi mafuta yakikanyagwa, na dereva akiachia resi ghafla kuna mtetemo mfupi wa chuma kabla injini haijatulia.

Kazi yote hii inachukua saa chache. Ni nafuu kuliko nozo moja mpya, na hakuna fundi wa heshima anayeweza kukasirika akiombwa kuifanya.

Kwa kusikiliza mahali hasa, bisibisi ndefu ncha ikigusa bloku na mpini ukiwa sikioni bado ni chombo kizuri, mradi isikaribie feni wala mkanda. Sauti inayosikika juu kwenye silinda hedi, ya katikati ya bloku na ya chini karibu na sampu zinatofautiana waziwazi. Ila kazi hii katikati ya mji mchana, pikipiki zinapita na spika za duka zinaimba, ni kujisumbua. Ifanyike mapema asubuhi au jioni mji ukishatulia.

SAUTI ZINAZODANGANYA

Kuna injini ambazo zimeshushwa bila kosa lolote, mwenye kosa akiwa jirani.

Kompresa ya upepo wa breki ndiye jirani mkorofi kuliko wote. Nayo ina krenki, konrodi na pistoni, na kwenye malori mengi huendeshwa na gia za injini, kwa hiyo hugonga kwa sauti ile ile ya konrodi. Kumpima ni rahisi: breki zikanyagwe mara kadhaa mpaka upepo upungue, injini ingurume, isikilizwe wakati kompresa inajaza. Mitungi ikijaa na kompresa ikaachia, na kelele ikabadilika ghafla au kuisha, injini ina kesi ndogo sana ya kujibu.

Klachi ikikanyagwa na sauti ikabadilika, tatizo linaweza kuwa beringi ya klachi, flaiwili iliyolegea bolti, au gia boksi. Puli ya mbele ya krenki ikilegea hugonga kama metali kabisa. Maunti za injini zilizokatika hugonga wakati wa kuwasha na kuzima. Gasketi ya manifodi ya ekzosi ikitoboka hutoa mlio kama tapeti, ila huacha alama ya masizi meusi mahali inapovuja. Na kelele inayokuja lori likitembea tu, injini ikipigwa resi limesimama haipo, itafutwe kwenye krosi za propela.

MAFUTA YENYEWE

Kama kugonga kumeanza muda mfupi baada ya kujaza mafuta, na kunasikika silinda zote kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza awe tangi. Petroli ikiwekwa kwa bahati mbaya kwenye lori la dizeli huchelewa kushika moto, injini inagonga kwa ukali na kukosa nguvu. Dawa ni kuzima na kumwaga, si kuongeza dizeli juu yake na kuendelea.

Mafuta yaliyochakachuliwa ni habari ndefu zaidi. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi pampu na nozo kama dizeli inavyofanya, kwa hiyo madhara yake huja taratibu: pampu inachakaa, nozo zinaanza kudondosha, na miezi baadaye injini inagonga bila mtu kukumbuka kituo. Tatizo hili lilipokuwa kubwa nchini, EWURA ilianza mwaka 2010 kusimamia uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa ndani, ili wakaguzi waweze kupima vituoni. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, ule unafuu wa bei uliokuwa unawavuta wachakachuaji ukapungua. Vinasaba havilindi lori linalojazwa kwa madumu pembeni ya barabara usiku. Madereva wanajua mafuta hayo hutoka wapi, na matajiri nao wanajua.

Maji kwenye dizeli huonekana kwa kufungua nati ya chini ya filta ya kutenganisha maji. Dakika mbili.

Na kama lori limetoka kwa fundi pampu juzi, pampu ikashushwa na kurudishwa, halafu likaanza kugonga kwa ukali silinda zote, majira ya pampu yaangaliwe kwanza. Pampu iliyorudishwa ikitangulia hupuliza mafuta mapema mno, na injini hulalamika.

SAMPU IKISHUKA

Ushahidi ukishaelekea kwenye metali, bado si lazima injini nzima ishuke siku hiyo. Kwenye malori mengi sampu, yaani bakuli la oili la chini, hufunguka injini ikiwa mahali pake. Fundi anashika kila konrodi kwa mkono. Kucheza kidogo pembeni, kushoto na kulia, ni kawaida. Kucheza juu na chini hakutakiwi hata kidogo, na konrodi mbovu hujitaja yenyewe.

Kifuniko kikifunguliwa, metali nzima ina rangi ya kijivu iliyotulia. Ikionyesha shaba, tabaka la juu limeliwa. Kisha ukucha upitishwe juu ya krenki. Ukucha ukinasa kwenye mikwaruzo, krenki ikachongwe.

Hapa tajiri asikubali njia ya mkato ya kuweka metali mpya juu ya krenki iliyoharibika. Krenki hupimwa kwa maikromita, huchongwa, na metali hununuliwa kwa saizi inayolingana na ilivyochongwa: 0.25, 0.50, na kuendelea. Metali za kawaida kwenye krenki yenye mikwaruzo au iliyopoteza uduara zitagonga tena ndani ya muda mfupi. Vifuniko vya konrodi navyo virudi kila kimoja mahali pake na upande wake, bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu.

Jambo moja husahaulika hata kwenye gereji nzuri: kutafuta kilichoua metali. Mara nyingi jibu liko kwenye chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Vipande vya gamu ya gasketi, ile ya tyubu inayopakwa kwa ukarimu kupita kiasi, hukatika, huelea na kuziba chujio. Injini inakufa kwa njaa ya oili huku stiki inaonyesha imejaa. Chujio, pampu ya oili, njia za oili na kipoza oili visiposafishwa, vumbi la metali za zamani litazunguka na kula mpya.

Kuhusu kuliendesha lori lenye konrodi inayogonga "polepole mpaka gereji", mafundi wengine hushauri kuikata silinda moja na kutembea na tano. Kelele inapungua kweli. Ila konrodi bado inapanda na kushuka, bado inapiga, na ikikatika hutoboa bloku. Gharama ya kuvutwa kutoka Mirongo hadi gereji ya mjini humo humo haiwezi kulinganishwa na bloku. Magunia ya dagaa kavu yanahamishwa kwenye gari jingine na yatafika. Mwenye sangara wabichi ana haki ya kuwa na presha zaidi, na yeye ndiye anayetakiwa kutafuta gari la kuhamishia mapema kuliko wote.

SIMU NI SHAHIDI

Injini ikinoki, lawama humshukia dereva. "Uliona taa ukaendelea." Dereva aliyesimama Mirongo anaweza kujilinda kwa video ya nusu dakika: dashibodi ikionyesha geji na kilomita, kisha sauti ya injini, kisha stiki ya oili. Atume kwa tajiri kabla ya kupiga simu, aongee baadaye.

"Shikamoo tajiri. Nimezima gari, presha imeshuka, video hiyo hapo. Naomba uangalie kwanza ndiyo tuongee."

Video hiyo humsaidia fundi pia, lakini kwa kiasi. Simu ndogo hukamata vizuri milio myepesi ya juu na kupoteza ile mizito ya chini, kwa hiyo meni beringi inayogonga inaweza kufika kwa fundi ikisikika kama tapeti. Kumsikilizisha fundi kwa kumpigia simu ni kubaya zaidi, maana simu nyingi huchuja kelele za nyuma zenyewe ili sauti ya mtu isikike. Arekodi, asipige. Na arekodi mara mbili: injini ikiwa ya baridi, na ikiwa imepata joto kama presha inaruhusu.

Hayo ya baridi na joto yanamhusu pia anayenunua lori la mkononi. Injini yenye metali zilizokwisha inaweza kunyamazishwa kwa siku kadhaa kwa kumwagiwa oili nzito, na muuzaji mjanja huhakikisha mnunuzi anaisikiliza kabla haijapata moto sawasawa. Muuzaji mwenye kasoro ya asubuhi, pistoni au nozo, hufanya kinyume: mnunuzi anafika anakuta lori limeshawashwa tangu saa kumi na mbili. Mnunuzi aguse redieta kabla ya kusalimiana sana. Kama ni ya moto, aombe kurudi kesho kabla halijawashwa, alikute la baridi, kisha aliendeshe saa nzima na mzigo, amalizie kwa kufunga geji ya presha.